Baba Kwenye Kijachini

Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, Dada wa Visanduku aliwasha kompyuta yake katika ofisi ya pili kutoka ngazini, akapangusa vumbi la kioo kwa ncha ya mtandio, akajimiminia chai kutoka kwenye chupa, kisha akafungua tovuti ya Idara ya Maji aone kama imeamka salama. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kwa miaka tisa. Habari kubwa za katikati ya ukurasa ziliandikwa na wakubwa. Yeye alisimamia vile visanduku vidogo vya upande wa kando, na vile vya kijachini, kwenye ukanda wa mwisho kabisa wa ukurasa: saa za kazi, simu ya dharura, fomu ya kuomba mita, ramani ya ofisi, picha ya glasi ya maji. Alijua kipi kikae juu ya kipi, kipi kionekane kila ukurasa na kipi kijifiche. Jina walimpa wenzake kwa utani, na utani ukishamaliza miaka tisa unakuwa jina, hata mlinzi wa getini aliliandika hivyo kwenye kitabu chake.

Asubuhi hiyo upande wa kando ulikuwa na kisanduku kimoja zaidi. Kilikaa juu kabisa, juu ya picha ya glasi, na kichwa chake kilisema KIPIMO CHA LEO. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja: Kituo namba 7, madini ya risasi, 41. Kiwango kinachoruhusiwa, 10. Na chini ya hapo, kwenye nafasi ya maoni, palikuwa na maneno mawili: "Nimeonja . Sijapenda ."

Aliitazama ile nafasi iliyoachwa kabla ya kila nukta. Mtu mmoja tu katika idara nzima ndiye aliyekuwa akiandika hivyo, kwa kuwa alichapa kwa vidole viwili na alipenda kupumzika kidogo kabla ya kumaliza sentensi. Mtu huyo alikuwa baba yake, na alikuwa amefariki miezi kumi na minne iliyopita. Dada wa Visanduku aliandika kwenye daftari lake saa ambayo kisanduku kilijazwa, yaani kumi na mbili na dakika arobaini, kisha akanywa chai yake ingali ya moto.

Baba yake alikuwa mpima maji. Miaka ishirini na sita alizunguka vituo saba vya mji na kikapu cha chupa, ndiyo maana wakamwita Mzee Chupa, akichota, akionja, akiandika. Kuonja hakukuwamo kwenye kanuni. Namba zilitolewa na mashine ya maabara, lakini Mzee Chupa alisema mashine haina ulimi, na hakukubali kuandika kipimo kabla hajapitisha funda moja kooni. Akishamaliza alipanda ngazi mpaka ofisi ya pili, akamwambia binti yake asogee, akaketi na kukijaza kisanduku mwenyewe. Binti alisimama nyuma ya kiti akiwa amejizuia, maana mikono ilimwasha kumsaidia. "We Kiherehere," baba alimwambia bila kugeuka, kwa jina alilompa tangu ana miaka minne, "namba haina haraka."

Mwaka wake wa mwisho, kituo namba saba kilianza kutoa namba mbaya. Kituo hicho ndicho kilicholisha mtaa wa bondeni, ambako mabomba ni ya risasi na yalizikwa kabla Mzee Chupa mwenyewe hajazaliwa. Huko bondeni ndiko alikokuwa na nyumba yake na mkewe. Kumi na nane. Ishirini na tano. Thelathini na mbili. Idara ilimshukuru kwa barua, ikasema mashine imezeeka, ikamhamishia stoo akasafishe mita mbovu. Alikaa stoo miezi mitano. Kisha figo zikagoma, na daktari akasema ziligoma siku nyingi, ni mwenyewe tu hakuwa amepata taarifa.

Walimzika Alhamisi. Jumatatu iliyofuata Afisa Uhusiano alikuja ofisi ya pili, akampa pole Dada wa Visanduku, akakaa naye kwa kitambo, kisha akamwomba akiondoe kile kisanduku cha vipimo kwa kuwa hapakuwa tena na wa kukijaza, na mahali pake aweke kingine chenye picha ya glasi na maneno machache ya kutuliza. Maneno hayo aliyatunga Dada wa Visanduku mwenyewe, macho yakiwa bado yamevimba: "Maji yote ya mji wetu ni salama." Yalimchukua dakika tatu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeyagusa.

Ila kisanduku cha baba hakukifuta. Tangu aajiriwe hakuwahi kufuta kisanduku chochote. Alivizima tu. Tabia hiyo aliirithi kwa mzee, ambaye chupa ya sampuli hakuimwaga mpaka mwaka uishe, akisema siku watakapokuuliza uliona nini, utawaonyesha nini. Kisanduku kilichozimwa hakionekani na wasomaji, lakini kwa msimamizi kinabaki, kwenye orodha ndefu iliyo chini ya vingine vyote, pamoja na salamu za mwaka mpya za miaka iliyopita, matangazo ya zabuni zilizofungwa na picha za wakurugenzi waliostaafu. Huko ndiko baba alikokuwa amekaa miezi yote hiyo kumi na minne.

Jumatatu hiyo kilipojitokeza alikizima tena, kwa mazoea. Jumanne kilikuwa juu palepale. Arobaini na moja. "Nimeonja . Vilevile ." Akakizima. Jumatano kikarudi, na safari hii alimwita fundi wa kompyuta, mtu mpole aliyevaa sweta mwaka mzima. Fundi alifungua kumbukumbu za mfumo, akasoma huku akitafuna kifuniko cha kalamu.

"Ameingia kwa jina la mpima," alisema. "Kutokea kituo namba saba."

"Kituo namba saba hakuna kompyuta."

"Hakuna. Kuna pampu na kiti." Akafikiri kidogo. "Basi ni mzee mwenyewe. Nenosiri lake halijafungwa."

"Kwa nini halijafungwa?"

"Fomu ya kufunga inataka sahihi ya mwenyewe. Niliiweka pale stoo kwenye meza yake, hakuja kusaini." Alimwomba radhi kwa uzembe huo, akaongeza kwamba fomu bado ipo, mzee akipita siku yoyote aweke sahihi, yeye atamalizia. Kisha akaenda zake, kwa sababu ghorofa ya juu printa ilikuwa imekula karatasi.

Wiki ya pili kioo kilianza kutoa maji. Yalitoka upande wa kulia, pale kisanduku kilipokaa, matone madogo yakishuka polepole mpaka ukingoni na kudondokea kwenye meza. Mama wa usafi alileta beseni la bluu kabla hajaitwa. Alisema asishangae, kila ofisi iliyofungua tovuti ilikuwa na beseni lake, la mhasibu lilikuwa kubwa zaidi kwa sababu mhasibu ana vioo viwili. Wananchi nao walipiga simu kulalamika kwamba wakiifungua tovuti kwenye simu zao viganja vinalowa. Mpokea simu aliwashauri washikie kitambaa. Walishukuru wakakata. Katika watu mia na kitu waliopiga wiki hiyo, hakuna aliyeuliza habari ya ile arobaini na moja.

Dada wa Visanduku alijaza chupa kwa maji ya beseni, akashuka nayo maabara, kwenye mashine ileile iliyosemwa imezeeka. Mashine ilikoroma, ikatoa arobaini na moja. Msichana wa maabara akauliza maji yametoka chanzo gani.

"Ya baba," alisema.

Msichana akaandika hivyo kwenye nafasi ya chanzo, akagonga mhuri.

Ukweli ni kwamba Dada wa Visanduku alikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilimtia aibu. Alianza kufika kazini alfajiri, mlinzi akimfungulia kwa funguo zenye baridi, ili saa kumi na mbili na dakika arobaini imkute amewasha kompyuta. Hakukaa. Alikiacha wazi kiti kwa ajili ya mzee na kusimama nyuma yake, kama zamani. Herufi zilikuja moja moja, kwa mwendo wa vidole viwili. Siku ya kwanza ya kumsubiri hivyo alisema, "Shikamoo baba," na kiashiria kikasimama katikati ya neno, kikawakawaka kwa muda mrefu.

"Marahaba Kiherehere . Umekonda ." Kisha maneno hayo yakafutwa, herufi moja baada ya nyingine kurudi nyuma, kwa sababu nafasi ya maoni ilikuwa ya maji, na Mzee Chupa alikuwa mtu wa kanuni isipokuwa kwenye kuonja.

"Nimwambie nini mama?" aliuliza binti siku iliyofuata.

"Asinywe," iliandikwa, na maneno haya hayakufutwa, kwa vile yalihusu maji. "Kuchemsha hakusaidii ."

Jumamosi alibeba madumu mawili ya maji kutoka mtaa wa juu anakokaa yeye, ambako bomba linatoka kituo namba mbili, akashuka nayo bondeni. Mama yake alikuwa uani anaanua nguo. Alipokea dumu moja, akalipima uzito kwa mkono, akaliweka chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Maji ya nini? Kwani bomba langu limekatwa?"

Akamweleza. Alimweleza yote kwa mfuatano, kisanduku, kituo, namba, beseni. Mama aliendelea kukunja mashuka mpaka likabaki moja, akaketi nalo mapajani.

"Kwa hiyo amerudi kazini."

"Ndiyo mama."

"Wiki ya ngapi hii?"

"Ya tatu."

"Wiki tatu anakwenda kazini," mama alisema, "na nyumbani hajapita hata mara moja kuniuliza nimelalaje."

Binti alilisogeza dumu la pili kivulini. Alisema labda njia ni moja tu, ile ya kituoni. Mama alisema ndivyo alivyokuwa hata akiwa hai, kila njia yake ilianzia kazini na kuishia kazini, ni chakula tu kilichokuwa kikimkumbusha kuwa ameoa. Akalikunja lile shuka la mwisho vibaya, akalikunjua, akalikunja upya.

"Anasema usinywe ya bomba, mama. Na kuchemsha hakusaidii."

"Yeye amesema hivyo. Na nyinyi mlisema nini?" Simu ya mama ilikuwa ya vitufe, haikuwa na tovuti wala picha ya glasi, lakini alisema kwa moyo, taratibu, kama mtoto anayesomeshwa: "Maji yote ya mji wetu ni salama. Si ulinisomea mwenyewe Jumatatu ile, umekaa hapo hapo? Ukaniambia umeandika wewe."

"Niliambiwa niandike."

"Basi mimi hayo ndiyo niliyoyashika. Shule yangu unaijua ilipoishia. Nikajisemea, sina haja ya kujua mambo ya maji, nina mtoto aliyesoma."

Dada wa Visanduku alitazama sakafu ya ua. Ng'ambo ya ukuta mjukuu wa jirani, binti wa miaka sita, alikuwa anasomewa herufi na bibi yake. Mwaka jana aliweza kusoma jina la kila duka la mtaani, na watu walimpa pipi kwa hilo. Mwaka huu alikuwa ameanza kuzisahau herufi, moja baada ya moja, kuanzia mwisho wa alfabeti, na sasa alikuwa amefika kwenye M. Mama alisema bondeni wako watatu au wanne wa hivyo, na walimu wanasema ni utundu. Yale madumu mawili akayaingiza ndani, akayafunika kitambaa cha kufuma, akasema yatakuwa ya wageni.

Jumatatu, kabla ya kufanya jambo lingine lolote, Dada wa Visanduku alikizima kisanduku cha glasi. Ulikuwa ujasiri wa kubofya mara moja tu, lakini alilowa jasho mgongoni. Saa nne simu ya mezani ikalia. Afisa Uhusiano aliuliza kwa upole kama tovuti ina tatizo, maana glasi haionekani. Akasema ndiyo, kulikuwa na tatizo dogo. Akakiwasha tena. Saa nane akaitwa kwa Mkurugenzi.

Walikuwa wanne chumbani: Mkurugenzi, Afisa Uhusiano, fundi na sweta lake, na yeye. Katikati ya meza palikuwa na kompyuta, na mbele yake beseni la kaure lenye maua, kwa vile ni ofisi ya mkubwa. Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alianza kwa kumpa pole upya, akasema Mzee Chupa alikuwa mtumishi wa kweli, na akauliza ni watumishi wangapi walio hai wanaoripoti saa kumi na mbili na dakika arobaini. Afisa Uhusiano alitazama kucha zake.

"Namba yenyewe sibishani nayo," Mkurugenzi alisema. "Mzee hajawahi kukosea. Na mabomba ya bondeni yamo kwenye mpango wa miaka mitano."

"Hata kwenye mpango uliopita yalikuwamo," alisema Dada wa Visanduku.

"Ndiyo. Hayajawahi kutolewa."

Afisa Uhusiano alieleza kwamba yeye binafsi hana ugomvi na marehemu. Ugomvi wake ni nafasi. Kisanduku kimoja kinasema salama, kilicho juu yake kinasema arobaini na moja, na msomaji anayetafuta fomu ya mita anachanganyikiwa. Tovuti moja haiwezi kuwa na midomo miwili. Alipendekeza cha juu kifutwe. "Siyo kuzimwa," alisema, kwa kuwa alikuwa ameshaujua mchezo. "Kufutwa."

"Sifuti," alisema Dada wa Visanduku.

Tone lilidondoka kwenye beseni. Wote walilisubiri la pili.

"Ni baba yangu. Siwezi kumfuta kwa mkono wangu. Kama lazima, mtafuteni mtu mwingine, na mimi mniandikie barua."

Mkurugenzi alivua miwani. Alisema hata yeye alikuwa na baba, na hakuna anayetaka kufika kwenye barua. Akamgeukia fundi, akamwuliza kama hakuna mahali pa katikati, ambapo mzee atakuwepo lakini hatakuwa njiani.

"Kuna kijachini," fundi alisema. "Chini kabisa, baada ya haki zote zimehifadhiwa. Hata mimi sifiki huko, labda nikikosea kuteleza na kidole."

Afisa Uhusiano alichangamka. Walikubaliana haraka, kama watu walioona mlango. Kichwa cha KIPIMO CHA LEO kingeondolewa, kwa kuwa kijachini hakina nafasi ya vichwa. Kiwango cha kumi kingeondolewa pia, kwa kuwa namba ikiwa peke yake haimtishi mtu. Maandishi yangekuwa ya kijivu kwenye kijivu, ya ukubwa mdogo kuliko yote. Maoni ya mzee yangebaki, kama heshima. "Na utaona," Mkurugenzi alimwambia, na alimaanisha, "kijachini kinatokea kwenye kila ukurasa. Mzee atakuwa kila mahali. Mimi nikistaafu nitabandikwa mwaka mmoja tu."

Dada wa Visanduku alijua wanachokifanya. Alielewa kwamba bila ile kumi, arobaini na moja haisemi lolote, na kwamba hapo ndipo pa kugoma. Aliuona mstari wenyewe mbele yake kabisa. Lakini aliwaza ile saa ya alfajiri, kiti kilichoachwa wazi na herufi zinazokuja moja moja, akawaza ofisi bila hayo, akaona hawezi. Alimtaka baba yake kuliko alivyotaka watu wa bondeni wajue. Hilo hakuwahi kumwambia mtu, na tangu siku hiyo halikumtoka.

Akasema sawa.

Alikiburuta yeye mwenyewe, kwenye kompyuta yake, mlango ukiwa umefungwa. Visanduku vingine huteleza. Hiki kilikuwa kizito kama ndoo iliyojaa, na ilimbidi ashike kipanya kwa mikono miwili. Alikishusha chini ya glasi, chini ya saa za kazi, chini ya simu ya dharura na fomu ya mita na ramani, akavuka mpaka wa kijachini, akakiacha chini ya haki zote zimehifadhiwa. Akachagua kijivu. Akabofya kuhifadhi. Upande wa kando ukakauka papo hapo, na maji yakaanza kutokea chini ya kioo, yakifuata mguu wa meza. Mama wa usafi alilitoa beseni mezani akaliweka sakafuni, akasema hapo ni afadhali, halipigwi viwiko.

Kesho yake saa kumi na mbili na dakika arobaini hakuna herufi iliyokuja. Dakika ya arobaini na moja, kimya. Arobaini na mbili. Dada wa Visanduku alikuwa amesimama nyuma ya kiti, vidole vimekamata mgongo wake. Dakika ya arobaini na nne, kule chini kabisa, kijivu kwenye kijivu, ikaja: "Nimetafuta . Nimepaona ." Kisha maneno hayo yakafutwa, na namba ikaandikwa, arobaini na mbili, na maoni yake, "Nimeonja . Sijapenda ." Hakumlaumu. Angemlaumu ingekuwa nafuu. Alilia akiwa wima, kwa sauti, maana saa hiyo jengo zima alikuwapo yeye na mlinzi tu.

Jumamosi alishuka bondeni na simu yake imeviringwa kwa taulo dogo. Mama alivaa miwani ya kusomea, akavuta kigoda karibu. Binti aliteremsha ukurasa kwa kidole gumba, ukateremka, ukateremka, picha ya glasi ikapita, ramani ikapita, mpaka ukagoma.

"Hapa, mama."

Mama alisogeza simu karibu, akaisogeza mbali. "Mbona wamemweka chini hivi?"

"Mimi ndiye niliyemweka."

Mama alimtazama juu ya miwani. "Basi utakuwa na sababu," alisema, na kumwamini kwake kulimchoma binti kuliko lawama yoyote. Alirudi kusoma, kidole kikifuata mstari, maji yakimchuruzikia kwenye kifundo cha mkono. "Arobaini na mbili. Hiyo ni nzuri au mbaya?"

"Mbaya, mama. Isizidi kumi."

"Haijaandikwa."

"Haijaandikwa."

Mama alifika kwenye maoni. Alisoma mara mbili midomo ikitembea bila sauti, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Ndiye," alisema. "Ndiye kabisa. Hata mchuzi wangu alikuwa anausema hivyo hivyo. Nimeonja, sijapenda, na sahani inarudi tupu." Alicheka kidogo, akajifuta macho kwa mkono uleule uliolowa. Ng'ambo ya ukuta bibi wa jirani alikuwa anamsomea mjukuu wake, A, B, CH, D, na hakuendelea zaidi ya hapo.

"Anaonja saa ngapi?"

"Kumi na mbili na dakika arobaini."

"Funda moja?"

"Moja tu."

"Na huwa peke yake pale?"

"Peke yake, mama. Kuna pampu na kiti."

Mama aliitikia kwa kichwa. Akamrudishia simu, akaenda ndani, akamletea maji ya kunywa kwenye glasi nzuri, kutoka kwenye dumu lililofunikwa kitambaa, kwa sababu mgeni hunyweshwa yaliyo bora. Binti alimwomba kwa jina la baba asinywe ya bomba. Alimwomba akiwa amepiga magoti. Mama alimshika kichwani, akamwambia amekonda kweli, kama alivyoambiwa na baba.

Jumatatu alifika kazini mapema kama kawaida. Saa kumi na mbili na dakika arobaini kamili herufi zilianza kule chini, kwa mwendo wa vidole viwili, bila kuchelewa na bila kufutwa. Kituo namba 7, 43. Kisha maoni, na safari hii zilikuja kwa kasi kidogo, kama mtu mwenye habari njema.

"Nimeonja . Leo tulikuwa wawili ."

Dada wa Visanduku alisimama nyuma ya kiti mpaka kulipokucha vizuri. Saa mbili kasorobo mama wa usafi aliingia akamwaga beseni, akalirudisha chini ya meza. Alipotoka, Dada wa Visanduku alipangusa kioo, akajimiminia chai, akafungua tovuti aone kama imeamka salama. Glasi ilikuwa juu, saa za kazi zikifuata, simu ya dharura, fomu, ramani. Kila kisanduku kilikuwa mahali pake.